Elfu Moja na Saba

Rapid City,
2 Mei 2024

Shemeji Leland,

Nakushika mkono kwa moyo mwema, kama wazee wetu walivyotufundisha kuanza. Hujambo? Magoti yako yanasemaje? Na yule farasi wako wa jicho moja, bado anakubeba hadi malishoni, au siku hizi wewe ndiye unayembeba?

Mimi nikisema sijambo nitakuwa nimeanza kwa uongo, na barua hii ninaiandika ili niachane na uongo. Mapafu yamejaa maji. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alinionyesha picha ya mapafu akaniambia nisipange mambo ya majira ya baridi. Nikamuuliza, "Na ya Agosti?" Akatazama dirishani.

Nyumba hii ya wazee ni safi. Kahawa yao mama yako angefulia nayo. Nimewekwa chumba kimoja na Mnorwe mmoja, mfugaji mstaafu, anayeitwa Halvor. Nilipomwambia kuwa miaka thelathini ya maisha yangu niliimaliza nikihesabu mashimo ya pispiza, wale panya wanene wa nyikani wanaobweka kama mbwa, alinikodolea macho kama mtu aliyeambiwa nimekuwa nikihesabu nzi.

"Ulikuwa ukiwahesabu ili iweje?" akaniuliza.

Nikajifanya nimelala. Mimi, mwenye shahada mbili.

Nina mambo mawili, shemeji. Moja ni la kuomba na la pili ni la kukuambia. La kuomba ni nafasi pale kilimani kwenu, kando ya Verna. Alikuwa mke wako kwa miaka arobaini na minne, lakini kabla ya hapo alikuwa dada yangu wa pekee, na tulilelewa chini ya blanketi moja. Ningependa kulala karibu naye. Hata hivyo sitaki unijibu hilo kabla hujalisikia la pili, maana ukishalisikia huenda usitake nipite hata getini kwako.

Kama uko tayari kulisikia, niandikie. Na ukiweza, nitukane kidogo. Miaka thelathini na minane hujanitania hata mara moja. Kwa watu wetu, shemeji asiyemtania shemeji yake ni sawa na mbwa asiyebweka: kila mtu anajua kuna kitu kimempata. Wewe unaniita "bwana". Mtu akitusikia atadhani tumekutana kwenye foleni ya posta.

Shemeji yako,
Orville


Kilimani, kwa Leland
10 Mei 2024

Bwana Orville,

Salamu. Nimepokea barua yako na nimesikitika kusikia habari za mapafu yako. Mimi naendelea vizuri. Mvua imenyesha ya kutosha na nyasi ni nzuri. Farasi alikufa mwezi wa tatu.

Kuhusu nafasi kando ya Verna, hilo ni jambo la familia. Nitawauliza watoto.

Kama una jambo la kuniambia, niambie. Macho yangu ni mazito, lakini barua naisoma mpaka mwisho.

Nakutumia soksi za sufu. Alizifuma Verna. Zilikuwa zimebaki jozi moja, na najua miguu yako hupata baridi hata jua likiwaka.

Wako kwa heshima,
Leland


Rapid City,
16 Mei 2024

Shemeji Leland,

Nakushika mkono tena. Pole sana kwa farasi. Alikuwa na jicho moja lakini aliona mbali kuliko sisi wawili.

Soksi zimefika na ninazo miguuni. Nesi ameniambia moja ina tundu kwenye kidole gumba. Nimemwambia hilo ni mdomo wa shimo, na anayeishi humo asisumbuliwe.

Sasa nakueleza. Nimeiandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu, kwa hiyo hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Unaikumbuka Julai ya 1986. Ofisi yetu ya malisho ilitaka idadi ya mashimo hai katika kila kijiji cha pispiza, kuanzia mtoni hadi barabara kuu. Kijiji chenye mashimo hai zaidi ya mia tano kingeingizwa kwenye orodha ya vijiji vya kutiliwa sumu. Chenye pungufu ya hapo kingeachwa. Mimi ndiye niliyewafundisha wengine namna ya kuhesabu: jioni unaziba kila shimo kwa udongo na kuushindilia kwa kisigino, kesho yake jua likishapanda unarudi kuhesabu yaliyofunguliwa. Lililofunguliwa lina mwenyewe. Lililobaki limezibwa ni nyumba tupu. Nilikuwa nikiwaambia vijana wa ofisi, "Pispiza ndiye anayejaza fomu. Sisi tunashika kalamu tu."

Kikabaki kijiji kimoja, kile cha malisho ya mama yako. Siku hizohizo nikaitwa mjini Pierre kwenye usaili wa ukuu wa kitengo. Nilikuwa nikiishi kwenu wakati huo, kwenye chumba cha nyuma, tangu mke wangu aliponiacha. Nikakuomba ukanizibie na kunihesabia. Ukacheka mpaka ukaegemea mlango. "Yaani Profesa anataka nimhesabie panya, halafu kiti akalie yeye?" Lakini ulikwenda. Ulichukua sepetu jioni, na asubuhi ukarudi kule kuhesabu.

Niliporudi kutoka Pierre tulikuwa mezani sote wanne, wewe, Verna, mama yako na mimi. Nikakuuliza, "Haya, umepata mangapi?"

Ukaweka kikombe chini. Uso mkavu kabisa. "Elfu moja na saba."

"Elfu moja na saba!"

"Elfu moja ni pispiza. Hao saba ni ndugu zako. Niliwatambua kwa meno."

Mama yako, Bibi Philomene, akapiga meza kwa kiganja. Verna akakuchapa kwa kitambaa cha vyombo. Halafu, ukiwa umeshasimama kwenda zako, ukalielekezea kidole shati langu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. "Namba ya kweli nimeiweka mfukoni humo. Usiipoteze, Profesa." Nikakuitikia. Nilikusikia vizuri, shemeji. Naomba ulishike hilo: nilikusikia.

Alfajiri ukaondoka kwenda mnadani Nebraska na ng'ombe. Verna naye akaamka mapema akafua. Nilipokumbuka shati, lilikuwa tayari linapepea kwenye kamba, na mfukoni mlikuwa na kidonge cha karatasi iliyolowa, laini kama uji. Verna alidhani ni karatasi ya tumbaku, akakitupa jikoni kwenye moto. Hakujua kamwe ilikuwa nini. Kama una hasira naye, ndogo au kubwa, nipe mimi yote.

Fomu ilitakiwa saa sita mchana. Ningeweza kuandika "haijahesabiwa". Ningeweza kuchukua sepetu na kwenda mwenyewe, nikachelewa siku mbili. Lakini mkuu aliyekuwa akiondoka ndiye aliyekuwa akipima nani amrithi, na sikutaka ajue kuwa pale sikukanyaga. Nikakaa mbele ya kisanduku kile kitupu kwenye fomu, na kichwani mwangu kulikuwa na namba moja tu. Nikaiandika. 1,007. Nikajiambia Leland akirudi nitasahihisha. Nikajiambia pia kwamba namba ya kipuuzi namna ile haitapita. Lakini mkuu alikuwa mtu wa Minnesota. Mtu wa kwetu yeyote angeitazama akauliza, "Hii kakwambia nani, shemeji yako?" Yeye akapiga mhuri.

Ulirudi, na mimi nilikuwa nimeshapewa kiti. Wiki ya kwanza kitini nikaletewa orodha ya sumu nitie sahihi. Malisho ya mama yako yalikuwa mstari wa tatu. Nikatia sahihi.

Septemba magari yakaja na nafaka yao iliyotiwa sumu. Siku ya pili ulikuja ofisini, kofia mkononi. Hukuketi. Ukaniuliza, "Uliandika nini?" Na mimi nikakuambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Hakukuwa na karatasi mfukoni, shemeji. Niliandika ulichosema mezani."

Ukaizungusha kofia. Ukasema, "Basi niliweka kwenye shati langu. Mashati yetu yanafanana." Ukasema, "Utani wangu." Kisha ukasema, "Ahsante, bwana," ukatoka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita bwana.

Karatasi ilikuwepo, Leland. Uliiweka palepale uliposema. Utani wako haukuua kitu. Niliyeua ni mimi, kwa kalamu, nikiwa nimevaa tai.

Mama yako alikuwa akienda kwenye kijiji kile kuchuma lile jani lenye harufu kali tunaloliita chakula cha pispiza. Alilichemsha akanywa kwa ajili ya kifua. Pispiza walipokwisha, nyasi ndefu zikalifunika jani, likapotea. Februari akafa kwa kifua hichohicho. Kama mtu wa sayansi siwezi kusema lingemponya. Kama mtu aliyemwona mwezi wa Oktoba akizunguka pale na kikapu kitupu, siwezi kusema lolote.

Ile namba ya kweli siijui hadi leo.

Sasa lile ombi la kilimani unaweza kulijibu.

Shemeji yako,
Orville


Rapid City,
8 Juni 2024

Shemeji Leland,

Nakushika mkono, ingawa sijui kama wako umenyooshwa. Natumaini u mzima, na magoti pia.

Anayeandika ni nesi. Mkono wangu siku hizi unaandika maandishi ya kuku. Maneno ni yangu.

Zimepita wiki tatu. Sikulaumu. Nilinyamaza miaka thelathini na minane, kwa hiyo ukinyamaza hadi nife bado utakuwa umenizidi kwa uungwana. Nataka kujua tu kama barua ya tarehe 16 ilifika, isije ikawa imelowa mahali fulani. Nitumie hata bahasha tupu.

Halvor aliuliza jana, "Shemeji yako amejibu?" Nikasema bado. Akafikiri, akasema, "Ng'ombe wangu alivunjika mguu kwenye shimo la pispiza mwaka 1971, na mimi bado sijasamehe. Mpe muda." Huo ndio ushauri ninaopata hapa.

Nimemwambia mama wa ofisi anitafutie kiwanja cha kaburi hapa mjini. Kipo kimoja, kando ya barabara kubwa. Si kibaya. Nitasikia magari ya watu wanaoelekea kwenu.

Shemeji yako,
Orville


Kilimani,
20 Juni 2024

Shemeji,

Nakushika mkono, na bahati yako nzuri tuko mbali, maana ningeushika kwa nguvu.

Barua ilifika tarehe 20 ya mwezi uliopita. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imechanika. Wiki ya kwanza niliingia garini nije huko nikuchomoe hiyo mipira ya kupumulia uliyowekewa. Nikafika nusu ya njia, nikanywa kahawa, nikaona nina miaka sabini na tisa na wewe themanini na tatu, na watu watacheka. Nikarudi.

Wiki tatu zilizofuata nilikaa tu. Acha nikuambie nilichokuwa nikikiwaza. Wewe ulidhani ile heshima yangu ilikuwa hasira juu yako. Haikuwa hasira, mjinga wewe, ilikuwa woga. Nilidhani mdomo wangu unaua. Kuanzia siku ile ofisini kwako sikumtania mtu tena, si wewe peke yako. Kila neno nililipima kwanza, kama mtu anayevuka barafu. Wajukuu wangu wananiita Shemasi. Verna aliolewa na mchekeshaji akazikwa na shemasi, na hakujua ni nini kilichotokea katikati. Aliwahi kuniuliza. Nikamwambia ni uzee. Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Hicho ndicho ulichonichukulia. Nataka ukijue vizuri, kama ulivyotaka mimi nishike kwamba ulinisikia.

Sasa kuhusu mama. Jioni ile niliyotoka ofisini kwako nilimwambia kuwa wameuandika utani wangu, ndiyo maana sumu imekuja. Nilikuwa nalia. Alikuna kidevu, akaniuliza, "Elfu moja na saba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa hiyo hata wale saba wamelishwa sumu? Maskini ndugu zake Orville!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akakohoa, akacheka tena. Sijawahi kumwambia mtu hilo kwa sababu niliona aibu kuwa alicheka. Tangu barua yako sioni aibu. Yeye alijua utani ni nini. Sisi wawili wenye akili ndio tuliosahau.

Wiki hii nikachukua sepetu.

Hujui, maana hukuwahi kukanyaga kwenye malisho ya mama tangu wakati ule, lakini pispiza wamerudi. Walianza miaka sita iliyopita kutokea upande wa jirani, wawili watatu, nami nikajifanya siwaoni. Jumanne jioni nikaenda kuziba. Magoti yanalia, udongo mkavu, na bundi mmoja mdogo wa mashimoni amesimama juu ya kifusi chake akinitazama kama mtu aliyetumwa na ofisi. Wazee huogopa bundi. Nikamwambia, "Kama umemfuata Orville, amelala Rapid City, chumba kimoja na Mnorwe. Usikosee kitanda." Hapo nikagundua nimetania. Nikasimama na sepetu yangu. Hakuna aliyekufa. Pispiza mmoja akasimama wima, akatupa mikono juu, akanibwekea, nami nikambwekea.

Niliziba mashimo hamsini na manane. Asubuhi yaliyofunguliwa yalikuwa arobaini na moja. Hayo ndiyo mashimo hai, Profesa, kwa njia uliyonifundisha mwenyewe, bila kukisia.

Lakini wewe andika elfu moja na saba. Wale saba wamerudi. Nimewatambua. Meno ni yaleyale.

Ndani ya bahasha kuna jani. Linuse. Limeota pembeni mwa kifusi cha kwanza, palepale mama alipokuwa akiweka kikapu. Mwambie nesi akuchemshie, na kama wewe ni mtu wa sayansi sana, kunywa hivyohivyo ukiwa huamini.

Nafasi yako ipo. Ni kushoto kwa Verna. Kulia ni kwangu, usijipenyeze. Watoto wamekubali. Ardhi pale ni ngumu, kwa hiyo nimefikiria kuwaachia pispiza wakuchimbie. Hakuna wenye sababu kubwa kuliko wao.

Bado sijakusamehe kote. Nimekusamehe mpaka kiunoni. Kuanzia kiunoni kwenda juu tutamalizia Jumamosi ya tarehe 29, nitakapokuja na mkate wa kukaanga na supu ya kweli. Mwambie Halvor naye atapata, hata kama bado ana kinyongo cha 1971.

Lakini nijibu kwanza. Nimekutukana vya kutosha, sasa ni zamu yako. Ukifa kabla ya kujibu nitahesabu kuwa nimeshinda, na unajua nilivyo nikishinda.

Shemeji yako,
Leland


Kilimani,
30 Juni 2024

Shemeji,

Nakushika mkono. Leo wewe hujambo kuliko mimi.

Nimeshinda.

Nilifika Jumamosi kama nilivyosema, na supu. Nesi akanipokea mlangoni, nikajua. Alisema barua yangu ilifika Jumatano, akakusomea mara mbili, ukacheka mpaka wakakuongezea hewa. Jani ulilala nalo kifuani. Alhamisi ukaomba kalamu, ukakataa akuandikie. Karatasi akanipa. Ina maneno matatu kwa maandishi yako ya kuku: "Shemeji, kuhusu meno". Basi. Hakuna kingine.

Kuhusu meno nini, Orville? Nimeiweka mbele yangu tangu jana. Nimejaribu kuimalizia kwa njia kumi na moja, na kila moja inanichekesha, na kila moja ina meno yangu ndani yake. Nadhani ulijua. Huenda ni sare.

Halvor alikula supu mpaka akafuta bakuli kwa mkate. Aliniuliza kama kweli nilibwekea pispiza. Nikabweka. Akasema ng'ombe wake alijivunja mguu mwenyewe, alikuwa mpumbavu.

Umevikwa, kama tunavyowazika watu wetu, lile shuka la viraka vya nyota ambalo Verna alilishona. Ndani yake una shati safi, na soksi zenye mdomo wa shimo. Yaliyokuwa yamebaki, kuanzia kiunoni kwenda juu, nimeyamaliza njiani wakati nikikurudisha nyumbani. Barabara ni ndefu na hukunikatiza hata mara moja.

Ulisema namba ya kweli hukuijua. Mimi sikuisahau hata siku moja: mia mbili na kumi na nne. Nimeiandika nyuma ya barua hii kwa wino usiofutika, na ninaiweka mfukoni mwa shati lako kwa mkono wangu, huku wewe ukiona.

Verna yuko kulia kwako. Mwangalie asije akalifua.

Shemeji yako,
Leland